Sauti ya chumba cha pili: tuizuieje?

Nyumba nyingi za Dakawa zina kuta za ndani za matofali ya kuchoma zinazoishia usawa wa lenta. Juu yake ni kenchi na bati tu. Mtoto wa kidato cha nne anayejisomea chumbani anasikia kila neno la sebuleni, na mgonjwa hapati usingizi. Watu huulaumu ukuta kuwa mwembamba, kumbe sauti inapita juu yake: inapanda, inagonga bati, inashukia chumba cha pili.

Jaribu usiku. Zima taa, mwenzako amulike kwa tochi ya simu akiwa upande wa pili, nawe utazame ukiwa gizani. Panapopenya mwanga, sauti nayo inapita.

Upenyo mdogo unaharibu kazi kubwa. Sehemu moja tu kati ya mia ya ukuta ikiwa wazi, ukuta huo haupunguzi sauti kwa zaidi ya desibeli 20 hivi, hata uwe mnene namna gani. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, na Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha kulala kisizidi 30 usiku.

Kwa hiyo anza juu. Fundi aongeze kozi za matofali juu ya lenta mpaka chini ya bati, na mianya ya kwenye mbao na mikunjo ya bati aizibe kwa mchanga na saruji. Kwanza akague kama ukuta una msingi wake. Uliosimamishwa juu ya sakafu usiongezewe uzito. Dari ya jipsamu peke yake haitoshi, maana ni nyepesi na uwazi ulio juu yake unaunganisha vyumba vyote.

Halafu lipu, pande zote mbili. Viungo vya matofali mara nyingi havikujazwa vizuri, na lipu ndiyo inayoviziba huku ikiongeza uzito. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu hivyo, usio na upenyo, hupunguza karibu desibeli 45. Maneno hayaeleweki tena. Mlango nao uwe wa mbao nzito, na chini yake weka mpira au kitambaa kinene.

Trei za mayai zisikupotezee hela. Zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, lakini hazizuii sauti kutoka, na zinashika moto haraka. Pumba za mpunga, ambazo kwenye mashine za kukobolea zimejaa tele, nazo ni nyepesi, zinaungua na zinaalika panya. Ziacheni zichomee matofali.

Jambo moja ni la hatari. Uwazi ule wa juu ndio uliokuwa ukipitisha hewa. Ukiuziba, kila chumba lazima kiwe na dirisha lake la nje, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata wakati wa baridi. Gesi yake ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Inabaki sabufa. Mdundo mzito unapita hata kwenye ukuta mzuri, kwa hiyo iondoe ukutani, iweke juu ya kipande cha godoro, na besi ipunguzwe.