Dawa za Kuzuia Damu Kuganda kwa Waliowahi Kupata Kiharusi

Kiharusi hutokea ubongo unapokosa damu, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu mshipa umepasuka. Aina ya kwanza ndiyo inayotokea zaidi. Aliyewahi kupata kiharusi yumo katika hatari kubwa ya kukipata tena, na kwa aliyezibwa mshipa, dawa za kuzuia damu kuganda ni nguzo mojawapo ya kinga.

Wengi huziita dawa za kuyeyusha damu, lakini haziifanyi damu kuwa nyepesi. Hupunguza uwezo wake wa kuganda. Kwa mgonjwa aliyepasuka mshipa, zinaweza kuongeza uvujaji. Kwa kuwa dalili za aina zote mbili hufanana, yaani uso kupinda, mkono kulegea na kushindwa kuzungumza, tofauti hubainishwa kwa picha ya ubongo, hususan CT-Scan. Hivyo, haishauriwi kumpa mgonjwa aspirini nyumbani, awahishwe hospitalini.

Makundi ya dawa

Kundi la kwanza, lenye aspirini na klopidogreli, huzuia chembe sahani za damu kushikamana. Hutolewa zaidi pale kiharusi kilipotokana na mishipa iliyosinyaa kwa mafuta. Kundi la pili, lenye warfarini, apiksabani na rivaroksabani, huzuia protini zinazogandisha damu. Hutumika zaidi pale bonge lilipotoka kwenye moyo, hasa wenye mapigo yasiyo na mpangilio, hali inayoongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano. Wenye valvu bandia za chuma hutumia warfarini.

Matumizi ya warfarini

Mtumiaji wa warfarini hupimwa damu mara kwa mara kwa kipimo cha INR, ambacho kwa wagonjwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu huganda; kikipanda, mgonjwa huweza kuvuja damu. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Mgonjwa hakatazwi mboga hizo, bali hushauriwa kula kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki. Mjamzito, au anayetarajia kupata ujauzito, amweleze daktari mapema, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Tahadhari

Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu, na metronidazoli huongeza nguvu ya warfarini. Mgonjwa amjulishe mhudumu wa afya kabla ya kutumia dawa nyingine yoyote, zikiwemo za asili. Choo cheusi, mkojo wenye damu, damu ya puani isiyokoma au maumivu makali ya ghafla ya kichwa ni dalili za kwenda hospitalini bila kuchelewa.

Wapo wanaoacha dawa kwa kujiona wamepona. Nafuu hiyo haimaanishi kuwa chanzo kimeondoka, na kuacha ghafla hurudisha hatari. Dawa isiachwe wala kuazimwa kwa mwingine bila ushauri wa daktari. Aidha, haichukui nafasi ya kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, wala ya kuacha sigara.