Daftari la Ziwa Leven

Katika nchi ya Uskoti, kaskazini ya hori ya Forth, kando ya mji mdogo wa Kinross, liko ziwa la maji baridi liitwalo Loch Leven, ambalo eneo lake ni kilomita za mraba 13 na ushei, na ambalo kina chake kwa wastani hakifiki mita nne. Halina ukuu wa Nyanza wala vina vya Tanganyika, na msafiri apitaye barabarani aweza kulitazama na kuendelea na safari yake bila ya kuuliza jina lake. Hata hivyo, katika habari za uvuvi wa starehe, ziwa hili lina hadhi ambayo maziwa makubwa kuliko hilo hayakuipata: ndani yake desturi ya kuvua trauti kwa nzi wa manyoya, mtu akiwa katika mashua inayochukuliwa na upepo, ilipata kanuni na adabu zake, na katika vitabu vya mahali hapo hesabu ya samaki waliovuliwa iliandikwa, msimu baada ya msimu, tangu karne ya 19. Naieleza historia hii kwa sababu naamini ya kwamba wale waliokwenda ziwani kutafuta raha waliacha, pasipo kukusudia, ushahidi juu ya hali ya maji ambao wakati ule hakuna mwingine aliyeshughulika kuuandika.

Nzi wa manyoya ni ndoana ndogo iliyovishwa hariri, sufu na manyoya ya ndege hata ikafanana na mdudu alaye au aliwaye majini. Kwa kuwa uzito wa chambo hiki ni haba mno, hakiwezi kurushwa kama risasi ya mshipi wa baharini. Mshipi wenyewe ndio wenye uzito, nao hupungwa nyuma na mbele kwa ufito mrefu mpaka unyooke hewani na kumtua nzi majini kwa ulaini. Maarifa haya ni ya kale. Aelian, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki yapata mwaka 200 baada ya Masihi, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua katika mto Astraeus kwa ndoana iliyozungushiwa sufu nyekundu na kutiwa manyoya mawili ya jogoo yenye rangi ya nta, ufito ukiwa na urefu wa futi sita na mshipi vivyo hivyo. Tangu hapo hata siku za karibu, elimu hii ilikuwa aghalabu elimu ya mito. Mtoni samaki husimama mahali pake, kichwa kikielekea mkondo, akingoja kuletewa riziki. Mvuvi akishajua jiwe analojificha nyuma yake, amekwisha jua nusu ya kazi. Ziwani hakuna mkondo, na trauti hana kituo. Yeye ndiye aendaye kuitafuta riziki, na mvuvi anayeleta hila za mtoni hupoteza siku yake.

Kabla ya katikati ya karne ya 19, trauti wa Leven walikuwa mali ya nyavu. Walivuliwa kwa ajili ya biashara na kupelekwa katika masoko ya miji, ambako walipendwa kwa nyama yao yenye wekundu na utamu, vitu ambavyo hutokana na konokono na wadudu wenye magamba waliojaa katika ziwa lile lisilo na kina. Watu wengi wa wakati huo walilijua ziwa kwa sababu nyingine: katika kisiwa chake kimoja ipo ngome ambamo Malkia Mary wa Uskoti alifungwa mwaka 1567, akatoroka kwa mashua mwezi wa Mei mwaka uliofuata. Habari hizo zimesimuliwa na wengi, nami sitazirudia.

Jambo lililobadili ziwa kuliko vita na wafalme lilitokea katika miaka ya 1830. Wenye viwanda waliokuwa chini ya mto Leven, katika jimbo la Fife, walitaka maji yasiyopungua kiangazi wala kufurika masika, ili magurudumu ya mitambo yao yasisimame. Basi mfereji ukachimbwa, milango ya kuzuia na kufungulia maji ikajengwa, na uso wa ziwa ukashuka kwa zaidi ya mita moja. Karibu robo ya eneo lake ikawa nchi kavu. Palikuwapo samaki mwingine, jamaa ya trauti, apendaye baridi na vina, ambaye baada ya kazi ile alitoweka katika ziwa asionekane tena. Kwa hiyo msomaji asidhani ya kwamba wavuvi wa ufito walilikuta ziwa katika hali ya fitra. Walilikuta limekwisha kutiwa mkono wa binadamu, na kila sura ya habari zake tangu hapo ina mkono huo ndani yake.

Katika nusu ya pili ya karne ile ufito ulichukua mahali pa wavu. Reli iliufikia mji wa Kinross mwaka 1860, na Daraja la Forth lilipofunguliwa mwaka 1890 mtu aliweza kutoka Edinburgh asubuhi, akavua, akarudi kwake siku hiyo hiyo. Mwaka 1880 mashindano ya taifa ya kuvua kwa nzi yalianza katika ziwa hilo, na mashindano hudai kanuni. Kanuni zile ndizo zilizokuja kufuatwa katika maziwa ya nchi nyingi.

Desturi yenyewe yastahili kuelezwa kwa tuo, maana uzuri wake umo katika utaratibu wake. Mashua hupelekwa kwa makasia mpaka upande utokako upepo, kisha huachwa ichukuliwe ubavu-ubavu, wavuvi wawili wakiketi, mmoja karibu na omo na mwingine karibu na tezi, migongo yao ikiupa upepo. Kila mmoja hurusha mshipi mfupi mbele yake, ukiwa na nzi watatu au wanne waliofungwa kwa nafasi, kisha huuvuta kwake kwa taratibu, akikumbuka ya kwamba mashua nayo yawajia nzi wale. Na mwisho wa mvuto huinua ufito hata nzi wa juu kabisa akachezacheza juu ya viwimbi na kuacha mkwaruzo, na hapo ndipo trauti aliyekuwa akifuata chini kwa chini aghalabu huamua kumdaka. Upepo ukizidi nguvu, mfuko wa turubai huteremshwa majini upande wa upepo ili mashua isikimbie. Upepo ukikoma, kazi imekoma, kwa sababu juu ya maji yaliyo shwari samaki huuona mshipi, huiona mashua, na huwaona watu. Wenyeji wa mwambao wetu, ambao mwaka wao hugawanywa na kaskazi na kusi, hawatahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili: katika ziwa upepo hufanya kazi ambayo mtoni hufanywa na mkondo, na mvuvi asiyejua kusoma viwimbi, michirizi ya povu na vivuli vya mawingu hakijui kitabu alichokifungua.

Katika zama za kwanza mabwana hawakupiga makasia wenyewe. Walikodi mashua nzito za Kinross pamoja na mabaharia wake, aghalabu wawili kwa kila mashua, na watu hao ndio waliokuwa walimu wa kweli wa ziwa. Walijua ni wapi miamba inakaribia uso wa maji, ni ghuba gani hupata wadudu upepo ukitoka magharibi, na ni saa ngapi samaki hupanda juu jioni ya Juni. Majina ya waliotwaa zawadi za mashindano yaliandikwa katika vikombe vya fedha. Mimi nashuhudia kwamba haki haikutimizwa hapo, kwa maana mkono uliorusha mshipi ulirusha pale ulipoelekezwa na mwenye kasia.

Kadhalika nzi wenyewe wana nasaba zao. Yupo aitwaye Greenwell's Glory, aliyefungwa mwaka 1854 na fundi James Wright wa kijiji cha Sprouston, kando ya mto Tweed, kwa matakwa ya kasisi William Greenwell: hariri ya manjano iliyopakwa nta, uzi mwembamba wa dhahabu, na mbawa za ndege mweusi. Yupo Peter Ross, aliyechukua jina la mwenye duka wa Killin. Wote wawili walizaliwa kwa ajili ya maji mengine, wakaja kupata makao katika visanduku vya wavuvi wa Leven. Lakini chakula kikubwa cha trauti wa ziwa lile ni wadudu wadogo mfano wa mbu, wasiouma, ambao mabuu yao huishi katika tope la chini, na wakikomaa hupanda kwa maelfu mpaka usoni pa maji, wakavua ngozi na kuruka. Jamaa za wadudu hao ndio wanaopanda kama nguzo za moshi juu ya Ziwa Nyasa, ambao wenyeji wa huko huwaita kungu, na huwakusanya na kuwafanyiza mikate ya kuliwa. Samaki wa Uskoti na binadamu wa Nyasa wameigundua riziki moja.

Sasa nirejee kwenye daftari. Kwa kuwa mashua zilikodiwa, na kwa kuwa mwenye ziwa alitaka kujua mali yake, samaki walioletwa gatini walihesabiwa na kupimwa, na hesabu ikatiwa kitabuni. Mwaka 1960 vitabu viliandika trauti zaidi ya 80,000. Baadaye idadi ikashuka, ikashuka tena, na sababu haikuwa uhaba wa wavuvi. Kiwanda cha sufu cha Kinross, maji machafu ya miji, na mbolea ya mashamba vilikuwa vikimwaga fosforasi ziwani, na fosforasi huwalisha mwani kama samadi ilishavyo mahindi. Jumamosi ya tarehe 13 Juni 1992 ziwa lilifunikwa na utando wa kijani wenye sumu na uvundo, na watu wa huko wangali wakiikumbuka siku hiyo kwa jina baya. Wenye uvuvi walijaribu dawa ya haraka: kuanzia mwaka 1993 walimwaga ziwani trauti wa upinde wa mvua waliofugwa. Dawa hii iliwapa wavuvi kitu cha kuvuta, wala haikuyaponya maji. Kilichoyaponya ni kazi ya polepole, ya kuzuia uchafu wa kiwanda na kusafisha maji ya miji kabla hayajafika ziwani, mpaka mwanga ukapenya tena na mimea ya chini ikarudi katika vina ilivyokuwa imevihama. Umwagaji wa samaki wageni uliachwa, na trauti wa asili, ambaye huzaa katika vijito vya Queich na Gairney, akaachiwa ziwa lake. Wataalamu walipotaka kujua ziwa lilikuwa na hali gani kabla ya vipimo vyao, vitabu vya wavuvi vilikuwapo vya kuwajibu.

Lakini wakati huo uzao wa Leven ulikuwa umekwisha enea mbali. Mwaka 1864 merikebu Norfolk ilikuwa imepeleka mayai ya trauti kutoka Uingereza hadi Australia, na kutoka huko yakavushwa hadi Tasmania, yakiwa yamefungwa katika kuvumwani na kuwekwa ndani ya barafu kwa ufundi wa James Youl. Mayai hayo hayakuwa ya Leven, ila yalithibitisha ya kwamba baridi hulichelewesha yai lisianguliwe, na kwa hiyo samaki asiyeweza kuishi katika joto aweza kuivuka ikweta angali yai. Kisha Sir James Maitland, katika mabwawa yake ya Howietoun karibu na Stirling, akafuga trauti wa Leven na kuwasafirisha wakiwa mayai. Mwaka 1885 yalifika Marekani.

Mwaka 1905 yalifika Kenya. Aliyeyaleta ni Ewart Grogan, na yalitiwa katika mto Gura, katika milima ya Aberdare, ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua. Siwezi kulitaja jina la Grogan bila ya kuongeza kwamba mtu huyo ndiye aliyewachapa viboko Wakikuyu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Starehe ya ufito iliingia nchini pamoja na utawala uliotwaa ardhi, na katika siku zile mizigo mingi iliyotoka reli kwenda milimani ilikwenda juu ya vichwa vya watu ambao hawakualikwa kuvua. Samaki hana hatia katika hayo. Mwaka 1910 trauti wa upinde wa mvua walitolewa Afrika Kusini, nao ndio walioshika maziwa ya Mlima Kenya, kama vile Rutundu, Alice na Ellis, yaliyo juu ya mita 3,000, penye ubaridi ulio sawa na wa Uskoti. Mwaka 1948 kituo cha kuangulia mayai kiliwekwa Kiganjo, nacho kinahitajiwa hata leo, kwa sababu trauti hutaka changarawe na maji yapitayo ili azae, na ziwa la mlimani lisilo na kijito cha kufaa halimpi mahali pa kuweka mayai.

Trauti wa kahawia wa Gura, tofauti na hao wa maziwani, huzaa mwenyewe, na amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Kuwapo kwake ni hati, kwani hawezi kuvumilia maji yenye joto, yenye tope au yenye uchafu. Msitu ukikatwa juu yake, yeye ndiye wa kwanza kufa. Maji ya Gura huingia Sagana, na Sagana huingia Tana, na Tana hujaza Masinga na mabwawa mengine yanayowasha taa za Nairobi, kisha huteremka nyikani, kupita Garissa na mashamba ya Wapokomo, hadi Kipini. Kwa hiyo mvuvi arudiye kutoka Gura au Rutundu, akiandika ni samaki wangapi aliowaona, wa uzito gani, na maji yalikuwa na rangi gani, huwaandikia pia watu wa Tana ambao hawajapata kushika ufito, na ningependa daftari hilo liwekwe Nyeri kwa uangalifu ule ule uliotumika Kinross, na lifunguliwe kwa kila atakaye kulisoma.