Msaidizi wa Mtaa na Kibanja cha Yatima: Huduma ya Kanisa Buhaya Wakati wa UKIMWI

Wamisionari wa Bethel walipofika Buhaya mwaka 1910 walikuta Wahaya wachache waliokwisha kuijua Injili kutoka Uganda, wakikusanyika majumbani na kusoma Maandiko kwa Kiganda. Hivyo tangu awali kazi ya Kanisa katika nchi hii ilibebwa na watu wa kijijini wasio na cheo. Jambo hilo lilidhihirika tena, kwa uchungu mkubwa, miaka sabini na kitu baadaye.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", kwa jina la nguo za fahari zilizoletwa na wafanya magendo kutoka Uganda. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kuwa asilimia 24.2 ya watu wazima katika mji wa Bukoba walikuwa na virusi. Waliofariki wengi walikuwa wazazi vijana, na mzigo wa malezi ukawaangukia bibi waliodhani wamekwisha kulea.

Mwaka 1989 Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT ilianzisha HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto. Misaada ya sare, madaftari na ada ilipitia dayosisi. Lakini aliyejua ni nyumba ipi isiyofuka moshi jioni, na ni mtoto yupi aliyeacha shule ili amwuguze mama, alikuwa jirani: msaidizi wa kujitolea, mzee wa kanisa au mama wa umoja wa wanawake. Huyo ndiye aliyeandika majina, akabeba maji, akamwosha mgonjwa.

Kazi yake ngumu kuliko zote haikuwa kuuguza. Ilikuwa kibanja. Kwa Mhaya kibanja si shamba tu la migomba na kahawa. Humo ndimo walimozikwa baba na babu, na asiye na kibanja ni kama asiye na kwao. Sheria ya mila iliyotangazwa na Serikali mwaka 1963 ilisema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa maneno mengine, mjane aliishi kibanjani kwa jina la watoto. Naye akifariki, watoto wakabaki peke yao na ndugu wa baba, na si kila ndugu alikuwa mlezi. Mmea wa omulamula, unaoonyesha mpaka, hung'olewa kwa usiku mmoja.

Hapo msaidizi alihitajika kama shahidi. Aliketi na ukoo baada ya matanga, akasikiliza mgao, akakumbuka mpaka ulikopita marehemu alipokuwa hai. Ikilazimu alifuatana na watoto hadi kwa mwenyekiti wa kijiji au mahakama ya mwanzo. Haikuwa kazi ya kupendwa. Mara nyingi aliyemkabili ni mtu aliyeketi naye benchi moja Jumapili. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Hukumu hiyo iliwatia nguvu mabinti, ila haikubadili fungu la mjane.

Ni haki pia kukiri kwamba mimbari haikuwasaidia wahudumu hawa sikuzote. Yalikuwapo mahubiri ya miaka hiyo yaliyouita ugonjwa adhabu, na mhudumu aliyetoka kanisani na kwenda moja kwa moja kwa mgonjwa alilazimika kuyajibu kwa mikono yake.

Katika uchunguzi wa mwaka 1996 kiwango cha maambukizi mjini Bukoba kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2004 Serikali ikaanza kutoa bure dawa za kupunguza makali. Waliokuwa wakisindikiza majeneza wakaanza kusindikiza wagonjwa kliniki na kuwakumbusha saa ya vidonge. Migogoro ya vibanja haikungoja dawa, na daftari la msaidizi likaendelea kuitwa barazani.