Jaji Waring wa Charleston

Julius Waties Waring alizaliwa mwaka 1880 katika mji wa Charleston, South Carolina, nchi ya Marekani. Jamaa zake walikuwa watu wa heshima, na baba yake alikuwa amepigana upande wa majimbo ya kusini yaliyotaka kuushika utumwa. Mwana akakua akiyafuata mawazo ya mji wake. Akawa mwanasheria, na mwaka 1942 Rais Roosevelt akamweka kuwa jaji wa korti ya serikali kuu, ile isikilizayo kesi kwanza, kabla ya rufani. Umri wake ulikwisha pita miaka sitini, na sisi tulio walimu twajua jinsi ilivyo shida mzee kujifunza upya.

Mwaka 1946 ikaletwa kwake kesi ya mkuu wa polisi wa Batesburg. Sajini mweusi, Isaac Woodard, siku ile ile alipoachwa na jeshi, alipigwa rungu hata akapofuka macho yote mawili. Waamuzi kumi na wawili, weupe wote, walipotoka kushauriana, jaji akaenda kutembea makusudi, wasipate kurudi upesi mno. Hata hivyo nusu saa haikutimia, wakasema mshtakiwa hana hatia. Tangu hapo jaji na mkewe wakaanza kusoma vitabu juu ya hali ya watu weusi.

Mwaka 1947 akaamua kwamba chama cha Demokrati hakina haki kuwazuia weusi katika kura yake ya kuchagua wajumbe. Chama kilidai kuwa ni kama klabu ya watu binafsi. Lakini aliyeshinda humo ndiye aliyeshika cheo sikuzote. Rafiki wakamkimbia, na mwaka 1950 nyumba yake ikapigwa mawe.

Kisha wazazi wa Clarendon, ambao kwanza waliomba basi moja tu la kuwapeleka watoto wao shule, wakashtaki utengano wenyewe. Mwaka 1951 majaji watatu wakaketi, wawili wakaukubali. Waring peke yake akaandika ya kuwa kutenganisha watoto kwa rangi ndiko kuwanyima usawa. Alishindwa. Mwaka 1952 akaacha kazi, akahamia New York. Tarehe 17 Mei 1954 Korti Kuu ya Washington, majaji wote tisa, wakatoa hukumu iliyokubaliana na neno lake.

Alikufa mwaka 1968, akarudishwa Charleston kuzikwa. Weusi walikuja wengi, weupe walihesabika. Mwaka 2015 jengo la korti ya mji ule likapewa jina lake.