Mdomo Kwanza, Ngumi Baadaye: Kutoka kwa Ali hadi Mandonga Mtu Kazi

Mkoa wa Morogoro una bingwa wake. Agosti 2013, Francis Cheka, mtoto wa Moro, alimpiga Mmarekani Phil Williams pale Diamond Jubilee, Dar, akabeba mkanda wa dunia wa WBF. Lakini leo anzisha stori za ngumi kijiweni, iwe Msamvu, Ifakara mjini au kule Namawala kwenye mashamba ya mpunga, uone kama jina la Karim Mandonga halitangulii. Mandonga, ambaye ngazi ya Cheka hajawahi kuifikia! Imekuwaje?

Ni mdomo, wadau. Na biashara ya mdomo ni ya zamani kuliko Insta.

Mwaka 1961 Muhammad Ali, enzi hizo bado Cassius Clay, alikutana Las Vegas na mcheza mieleka Gorgeous George, jamaa wa nywele za dhahabu na maringo ya kukera. Ali akashtuka: watu wanalipa kiingilio ili tu wamuone huyu akipigwa. Akupende au akuchukie, tiketi bei ileile. Oktoba 30, 1974, kule Kinshasa, uwanja mzima ulimwimba Ali, na bingwa George Foreman akabaki kama mgeni aliyekosea mlango.

Ila kwetu tambo hazikuletwa na Ali. Miaka ya 1990 watu walijaza kumbi kusikiliza TOT na Muungano wakirushiana mipasho ya taarabu, na kila mtu alijua nani anasemwa. Mandonga ni wa ukoo huo. Ngumi zake zina majina kabla hazijarushwa: Ndoige, Sugunyo. Mwaka 2022 alichapwa na Shaaban Kaoneka, na umaarufu ukapanda badala ya kushuka. Hapo alimpita hata Ali, maana Ali ilibidi ashinde ili maneno yake yawe na bei. Mandonga kipigo alikigeuza kichekesho, na kichekesho kikawa tangazo la pambano linalofuata. Januari 2023 akaibeba Sugunyo hadi Nairobi, akamshinda Daniel Wanyonyi, Wakenya nao wakamkubali.

Sasa ubongo haujui utani. Ndani ya Julai 2023 peke yake, Wanyonyi alilipiza kisasi Nairobi, halafu Moses Golola wa Uganda, naye mdomo hauna breki, akamshinda Mwanza. Kamisheni ya ngumi za kulipwa, TPBRC, ikamsimamisha, ikitaka kwanza apimwe afya.

Wengi walicheka tu. Lakini angalia hii: bondia mkimya akipoteza mara mbili, hakuna promota anayempigia, kwa hiyo anapumzika atake asitake. Kichwa kinapoa. Mandonga alikuwa akijaza ukumbi hata akipigwa, na simu yake iliendelea kuita.