Kutoka Wiki hadi Miaka

Ipo saratani adimu ya damu iitwayo lukemia ya promielositi. Mwaka 1957 daktari Leif Hillestad wa Norwe alieleza habari za wagonjwa watatu: walivuja damu, wakafa katika muda wa wiki chache.

Katika miaka ya 1970, dawa kali za kuua chembe ziliwaokoa baadhi. Mageuzi makubwa yalitoka China. Mwaka 1985, mjini Shanghai, Dakta Wang Zhenyi alimpa mtoto wa kike wa miaka 5 dawa ya jamii ya vitamini A. Dawa hiyo haikuziua chembe changa zilizokataa kukua, bali ilizikomaza. Mtoto akapona. Huko Harbin nako madaktari waligundua kwamba aseniki, sumu ya tangu kale, hutibu ugonjwa huo huo. Mwaka 2013 utafiti wa Italia na Ujerumani ulionyesha kuwa, kati ya wagonjwa wasio katika hatari kubwa waliopewa dawa hizo mbili pamoja, asilimia 97 walitimiza miaka 2 bila ugonjwa kurudi.

Nikizitazama tarakimu hizi hufurahi, kisha hujiuliza: nani hayumo? Aliyevuja damu akafa kabla ugonjwa wake haujatambuliwa hakuhesabiwa katika majaribio ya dawa. Mpaka leo vifo vingi vya ugonjwa huu hutokea siku za mwanzo. Ndiyo maana daktari mwenye busara huanza tiba akishuku tu, hangoji majibu yote ya maabara. Dawa imepatikana, adui aliyebaki ni kuchelewa.