Kutenga Lugha na Programu: Historia Fupi ya Vifurushi vya Kiswahili katika Linux, kwa Mtazamo wa Jinja na Mbale

1.0 Utangulizi

Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hivyo Kiswahili kinaingia darasani Jinja, mji wa Wasoga, na Mbale, mji wa Wagisu chini ya Mlima Elgon. Je, kinaingia pia katika kompyuta za shule hizo? Makala haya yanadai kuwa jibu linatokana na uamuzi wa kihistoria ambao wanaisimu wameuzungumzia kwa nadra: namna lugha ilivyotengwa na programu katika Linux.

2.0 Jinsi Lugha Ilivyotengwa

Mradi wa Debian, ulioanzishwa Agosti 1993, ulijenga mfumo wake juu ya kifurushi, yaani faili za programu pamoja na maelezo ya vifurushi vingine inavyovitegemea. Katikati ya miaka ya 1990, zana ya GNU gettext iliyahamisha maneno ya kwenye skrini kutoka ndani ya programu hadi faili za tafsiri, moja kwa kila lugha. Tafsiri ikikosekana, Kiingereza hujitokeza bila onyo lolote.

Utengano huo uliwawezesha watafsiri kufanya kazi bila kuigusa programu yenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Baadaye Ubuntu, iliyotoa toleo lake la kwanza Oktoba 2004, ilikusanya tafsiri za programu nyingi katika vifurushi vya lugha. Cha Kiswahili huitwa language-pack-sw.

3.0 Kanuni za Utegemezi

Kukigawa kifurushi si kazi ya kukata tu. Faili moja haiwezi kumilikiwa na vifurushi viwili. Kwa hiyo faili inapohamia kifurushi kipya, kifurushi hicho hutamka, kwa sehemu za Replaces na Breaks, kwamba kinachukua faili za matoleo ya zamani ya kifurushi mama na kwamba hakipatani na matoleo hayo. Tamko hilo likisahaulika, usasishaji hukwama katikati.

Swali la pili ni zito zaidi: je, kifurushi mama kikitegemee kile kipya? Kikikilazimisha, kila mtumiaji atabeba lugha zote, na faida ya kugawa itapotea. Kikikipendekeza tu, au kikikaa kimya, lugha itamfikia yule anayejua kuiomba. Uamuzi huu huonekana wa kiufundi, lakini ni sera ya lugha.

4.0 Jinja na Mbale

Mwalimu wa Mbale anayesakinisha mfumo bila intaneti, kwa kutumia diski isiyo na kifurushi cha Kiswahili, atapata Kiingereza. Hakuna aliyekizuia Kiswahili. Hakuna pia aliyekitegemea.

Upungufu wa pili umo katika majina. Maktaba ya C ya GNU, inayoongoza tarehe, sarafu na lugha, inacho Kiswahili kama sw_KE na sw_TZ. Uganda imo humo kwa lg_UG, yaani Kiganda; Kiswahili chake hakina ingizo. Mtumiaji wa Jinja hulazimika kukopa mpangilio wa Kenya au Tanzania, pamoja na shilingi isiyo yake. Hazina ya CLDR, kwa upande wake, inatambua sw_UG. Pengo hili basi linazibika.

5.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa tafsiri peke yake haitoshi. Jambo OpenOffice ilithibitisha kuwa istilahi zinaweza kupatikana. Lililobaki ni kuhakikisha zinamfikia mtumiaji. Inapendekezwa kwamba wataalamu wa Kiswahili wa Uganda waombe ingizo la sw_UG, na kwamba diski zinazoandaliwa kwa ajili ya shule zibebe kifurushi cha Kiswahili tangu mwanzo. Lugha iliyotengwa na programu kwa nia njema isiachwe njiani kwa kukosa mstari mmoja wa utegemezi.